Faili Mbili za Siku Moja

Mgalula alirudi kutoka kwa mke mdogo akipiga mluzi, na mluzi huo ndio uliomchoma Zaituni kabla ya kitu kingine chochote. Angerudi amenuna, angerudi amechoka, hata angerudi ananukia udi wa watu, angevumilia. Lakini mluzi! Alikuwa ameolewa na mwanamume huyu tangu wote wawili wakiwa na viuno vyembamba, wamemlea Nyanzala mpaka wakamwoza, na hakuwahi kumsikia akipiga mluzi ndani ya nyumba hii. Kumbe mdomo wake unajua.

"Karibu, Baba Nyanzala," alisema. "Lete hicho kidude nikilaze."

Mgalula alivua kiganjani shingoni. Kilikuwa kifaa kidogo, hakizidi sanduku la kiberiti, na ndani yake mlikuwa na siku zake zote alizokaa kwa Kalunde; kule, akiwa amekivaa, kilimkumbusha kila asubuhi yaliyopita. Zaituni akakikalisha kwenye kitako kando ya kompyuta ya mezani. Mume akajinyoosha kwenye kochi, akabandika kipokezi nyuma ya sikio, akafumba macho. Usingizi ukimkolea, Mezani ingemmiminia siku zile kichwani, naye angeamka anazo kama mtu mwingine yeyote. Bila hivyo angeamka mtupu. Hata siku zilizokwisha kumiminwa, zisipofuatiwa na nyingine mpya, zilinyauka ndani ya mwezi.

Ndivyo walivyoishi Tabora tangu homa ya kiangazi ilipopita. Wengine iliwaua. Wengine, kama Mgalula mfanyabiashara wa asali, iliwaachia ya zamani ikawanyang'anya ya karibuni, na tangu hapo kila walipolala ya siku ile yalimwagika. Alimkumbuka Zaituni wa harusi, wa uzazi, wa ugomvi, wote. Kalunde alimwoa miaka miwili tu kabla ya kuugua, na homa ilimfuta. Alilolijua Mgalula juu ya Kalunde lilikuwa kwenye mafaili. Zaituni alikuwa kwenye nyama ya kichwa chake, Kalunde alikuwa kwenye mashine, na mashine ilikaa sebuleni kwa Zaituni, kwa sababu kliniki hairuhusu mgonjwa mmoja kuwa na Mezani mbili. Mbili zikipishana kichwani, walisema, mtu hurukwa na akili.

Kioo kiliwaka.

"Jumatatu ina faili mbili," Mezani ilisema kwa ile sauti yake ya mtu asiye na ndugu. "Nibakize ya Mezani, nibakize ya Kiganjani, au niunganishe?"

Zaituni alilitazama swali hilo kwa muda. Sizya, fundi wa kliniki, alikuwa amemweleza siku alipoifunga. Mashine hii imetengenezwa na watu ambao siku yao huanza saa sita za usiku. Lakini zamu za wake, Tabora kama pengine, huhama jua likizama: magharibi ya Jumatatu mume huaga nyumba moja na kubisha hodi nyingine, na usiku unaoingia ni wa Jumanne, nani asiyejua? Mashine haikujua. Kwake mchana wa Zaituni na jioni ya Kalunde vilikuwa Jumatatu moja, kimoja kimesikika sebuleni, kingine kimesikika kwa mwenzake, na vyote viwili vinataka kiti kimoja.

"Ukiiona inauliza hivyo, bonyeza Niunganishe," Sizya alikuwa amesema. "Ila haiwezi kuunganisha peke yake, mama. Haijui lipi lilitangulia lipi. Sharti mtu anayemfahamu azisikilize zote mbili, mwanzo mpaka mwisho, aiambie hapa na hapa."

"Azisikilize zote mbili? Mimi? Nisikilize ya kule?"

Sizya, ambaye hajaolewa, alicheka. "Ni kazi tu, mama."

Kazi tu! Mke mwenza na mke mwenza wanaweza kuazimana kinu, wanaweza kuuguzana, lakini ya chumbani kwa mmoja hayafiki masikioni mwa mwingine. Hiyo ni adabu, na Zaituni aliishika kwa nguvu zote jioni ile, kwa sababu ilimfaa. Kwenye kochi mumewe alikuwa anapumua taratibu, na midomo yake ilikuwa bado imekaa mkao wa mluzi.

Akabonyeza ya Mezani.

*

Alipoamka, Mgalula alikula ugali wake, akasifu mchuzi, na hakupiga mluzi. Zaituni alimtegea sikio mpaka walipolala. Asubuhi pia, kimya. Raha aliyoiona hakuitegemea, na kama raha zote za namna hiyo haikumtosha.

Zamu iliyofuata mume alirudi kutoka kwa Kalunde akiwa hana mluzi, lakini akitabasamu peke yake. Mezani ikauliza, Zaituni akabonyeza. Tabasamu likaisha. Zamu nyingine alirudi akiwa na kipande cha kitambaa laini cha manjano mfukoni na hakukumbuka kilitoka wapi. Zaituni alikitumia kufutia kioo cha mashine.

Siku moja akaona kwa nini ajitese kungojea maswali. Aliiambia Mezani isikilize nyumba daima, awepo mume au asiwepo, na tarehe yoyote yenye faili mbili, ya Mezani ndiyo itawale. Mashine haikubisha. Ilisema tu kwamba faili zinazotolewa zitakaa kapuni siku arobaini, kisha zitapotea moja kwa moja.

"Arobaini?" Zaituni alicheka. "Hata nyie mnafanya arobaini?"

Basi Mgalula akawa anakwenda kwa Kalunde kama kawaida, anaishi kule siku zake tatu, anarudi, analala kwenye kochi, na anaamka akikumbuka siku tatu za sebule ya Zaituni. Alikumbuka ufagio. Alikumbuka mtu anapepeta mchele, majirani wanaingia wanatoka, adhana, mlango unafungwa. Sauti yake mwenyewe hakuisikia humo hata mara moja.

"Mama Nyanzala," alisema asubuhi moja akiwa na kikombe mkononi, "hivi siku hizi mimi sitoki?"

"Utoke uende wapi?"

"Sijui. Naona kama nimekaa tu. Nimekaa hata sisemi." Alikuna kisogo, karibu na kipokezi. "Na nina huzuni ambayo sijui ni ya nini. Kama nimefiwa na mtu, halafu hakuna aliyenipa habari."

"Ni homa. Itaisha." Akamwongezea maziwa.

Wivu ungekuwa unashiba, ungeshiba pale.

*

Kalunde alikuja mwenyewe, asubuhi, Mgalula akiwa ghalani kwa asali yake. Usiku uliopita mume alikuwa amerudi kulala kwa Zaituni ingawa zamu haikuwa yake, na Zaituni hakumuuliza. Hakuwa amekanyaga nyumba ya mke mkubwa tangu Idi. Aliingia na kiganjani mkononi, amejitanda khanga, na khanga haikuweza kuficha tumbo.

Zaituni aliliona kabla ya kumwona uso.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Kalunde hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitako, akakalisha kiganjani. Kikikaa pale masikio yake hufungwa, yanabaki ya Mezani.

"Jana magharibi ilikuwa zamu yangu," alisema. "Alikuja. Kiganjani kilimwelekeza mpaka mlangoni, maana kalenda ya zamu bado imo. Akapiga hodi. Nikafungua, akanipa chupa ya asali. Akaniambia, mama, nadhani huu ni mzigo wako, nimeandikiwa niulete hapa."

Zaituni aliusukuma mlango ukafungika.

"Nikadhani ananitania, dada. Unajua utani wake. Nikamwambia ingia ndani. Akasema hapana, si vizuri, mwenyewe hayupo. Halafu akaliona tumbo." Akalishika kwa mikono miwili. "Akanipa hongera. Mume wangu alisimama barazani kwangu akaniambia, hongera mama, Mungu akujaalie ujifungue salama. Akaniuliza, baba wa mtoto yuko safari?"

"Ni ugonjwa..."

"Ugonjwa umekukumbuka wewe ukanisahau mimi tu? Akaondoka zake, kiganjani amekiacha kwenye benchi. Nimekesha nacho. Nimekifungua chote. Hakuna siku yangu hata moja humo. Kuna wewe unafagia."

Zaituni angeweza kulia. Angeweza kuomba radhi. Badala yake alisema lile lililokuwa karibu na mdomo, na lilikuwa baya. "Mwanamume akikusahau, jiulize ulimpa nini cha kukumbukwa."

Kalunde alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia. "Nilimwambia nina mimba," alisema. "Jioni ya kwanza ya zamu. Nilingoja zamu iliyofuata aseme neno, hakusema. Nikaona haya kurudia. Mwanamke anaitangaza mimba kwa mumewe mara ngapi? Nikadhani hamtaki mtoto. Wiki zote hizi nimedhani hamtaki, dada, nikawa nashona nguo za mtoto na kuzifumua."

Kitambaa cha manjano kilikuwa juu ya Mezani, kimekunjwa, kina vumbi la kioo. Wote wawili walikiona.

*

Kapu lilikuwa na faili nyingi kuliko Zaituni alivyokumbuka. Ya chini kabisa ilikuwa ile Jumatatu ya mluzi, na pembeni yake iliandikwa kwamba kesho haitakuwepo.

"Sharti mtu azisikilize," Zaituni alisema bila kugeuka. "Ndivyo alivyosema fundi."

"Sikiliza."

"Ni zako. Ni za chumbani kwako."

"Aibu yangu imekwisha jana mlangoni. Sikiliza, dada. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Zaituni akainama. Alisikia sufuria, akasikia kiti kinavutwa, kisha akasikia kicheko cha mumewe, kirefu, cha kijinga, kicheko cha mtu aliyevua viatu. Hakukijua. Alikaza meno akaendelea.

"Siyo hivyo," sauti ya Kalunde ilikuwa inasema ndani ya mashine. "Kaza midomo. Unapuliza kama unapoza uji."

"Mimi nimeuza asali miaka yote hii, leo unifundishe?"

"Umeuza. Hujarina. Kwetu ndege wa asali haji mpaka umwite, na ukimwita vibaya anakupeleka kwa chatu. Haya, tena."

Mluzi ukatoka, mbovu, ukakatika, ukatoka tena umenyooka. Zaituni aliutambua. Ndio ule. Alikuwa amefunzwa.

"Sasa unafaa," Kalunde alisema. "Maana msituni tutakwenda watatu."

Mwanamume akaanza kulia waziwazi, huku anacheka, na Zaituni akafumba macho. Alipomwambia ana mimba ya Nyanzala, Mgalula alisema alhamdulillahi, akaenda ghalani. Hakumlilia. Angempa kila kitu kilichomo nyumbani yule anayelia mle ndani, na hakuwa analia kwa ajili yake.

"Zaituni nitamwambia mimi mwenyewe," sauti ya mumewe ilisema ikishapoa. "Kwa mdomo wangu. Asiyasikie kwa watu, itamuuma. Nikirudi tu."

Na alirudi. Alirudi akipiga mluzi, ana neno mdomoni, na Zaituni akabonyeza likafutika.

Aliiambia Mezani: mchana wangu kwanza, kisha jioni ya huyu, shona hapa. Akafungua inayofuata. Walikaa hivyo mpaka adhuhuri ikapita, mmoja anasikiliza, mwingine amekaa nyuma yake mkekani anatazama ukuta. Mara moja Kalunde aliinuka akaenda jikoni, akarudi na chai, akaweka kikombe kando ya mkono wa Zaituni. Zaituni alikinywa. Kilikuwa na sukari nyingi mno, akakasirika, akakimaliza.

Siku zote zikashonwa, na ile amri ya Mezani kutawala Zaituni akaiondoa. Ikabaki moja.

"Leo ina faili mbili," Mezani ilisema. "Nibakize ya Mezani, nibakize ya Kiganjani, au niunganishe?"

"Ya kiganjani ina nini?" Zaituni aliuliza.

"Mimi alfajiri. Namweleza habari ya mtoto upya, taratibu, kama anayeelezwa mara ya kwanza. Nilisema asiponijua, basi ajue hilo."

Na ya Mezani ilikuwa na asubuhi hii. Ilikuwa na hongera ya mlangoni, na kapu, na lile neno baya la kukumbukwa. Mgalula akiipata, angejua ni nani aliyekuwa anamwibia siku. Ghafla kidole cha Zaituni, kilichokuwa hakijui njia nyingine ila ya Mezani, kikaelea juu ya Kiganjani.

Ingekuwa rahisi mno. Kalunde amerudishiwa siku zake zote. Mtoto amepata baba. Iliyobaki ni asubuhi moja yenye maneno machafu, itamfaa nini mgonjwa?

"Bonyeza Kiganjani," Kalunde alisema nyuma yake.

Zaituni aligeuka.

"Bonyeza, dada. Asijue. Akijua atakuchukia, na mimi sitaki mtoto wangu azaliwe kwenye nyumba mbili zinazochukiana. Nimeshapata changu. Mimi sitasema, mbele ya Mungu."

Alikuwa anamaanisha. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kilio na ulikuwa hauna hila hata chembe, na hapo ndipo Zaituni alipohisi ule mwiba wake wa zamani ukisimama wima. Amemzidi ujana. Amemzidi kicheko. Amemfundisha mume mluzi, amemliza kwa furaha. Sasa amzidi na wema pia? Aishi na msamaha wa huyu mtoto mpaka kaburini, kila Idi waonane, na yule mwingine ajue na anyamaze, mzuri, mnyamavu, mwenye subira?

"Hapana," alisema. "Hilo hunipi wewe."

Akabonyeza Niunganishe. Akaisikiliza asubuhi yake mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na lilipofika lile neno hakuzima.

*

Mgalula aliporudi kula chakula cha mchana alikuta wake wawili sebuleni, na mmoja hakumfahamu. Alimsalimia kwa heshima. Zaituni alimwambia alale kwanza, chakula baadaye, na kwa kuwa alimwamini tangu zamani, akalala.

Usingizi ulikuwa mrefu. Aligeukageuka, akashika kichwa, mara mbili akataja majina. Kalunde alitoka kukaa barazani kwa kuwa hakuweza kutazama.

Alasiri mume aliketi. Alivua kipokezi, akakitazama, akamtazama Zaituni. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayerudi kwao akakuta mlango umehamishwa.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Barazani."

Akampita. Zaituni hakusikia maneno, maana mlango ulikuwa umeegeshwa. Alisikia kiti kikianguka, akasikia kilio, na baada ya hapo, kwa kutetemeka, ukikatika na kuanza upya, akasikia mluzi. Sasa ulikuwa nyumbani kwake. Mezani nayo iliusikia, ikauandika.

Mgalula alirejea ndani kuchukua koti na kiganjani. Hakupaza sauti, na Zaituni alitamani apaze.

"Umenirudishia," alisema. "Hilo nimeliona. Na lile jingine pia nimeliona."

"Ndiyo, Baba Nyanzala."

"Zamu hii ni ya Kalunde. Zote nilizokaa kwake zilifutwa, basi ni kama sikukaa. Mume anadaiwa na dini yake. Nitamlipa, moja moja, mpaka ziishe." Alisita mlangoni. "Halafu nitakuja kwako. Nitakuja nikiwa nakumbuka, Zaituni. Ujiandae."

Wakaondoka pamoja kabla jua halijazama. Zaituni alifagia sebule ambayo haikuwa na taka. Alipepeta mchele mwingi kuliko wa mtu mmoja. Adhana ya magharibi ikaita, na kwa hesabu yake siku ikageuka, ikawa ya mwingine.

Kioo kikawaka.

"Faili ya jioni hii haina sauti ya Mgalula," Mezani ilisema. "Ina mtu mmoja. Niibakize au niifute?"

Zaituni aliuweka ungo chini, akafuta mikono.

"Ibakize," alisema. "Akija, naye asikie."